Kazi yako inapoumiza mwili na akili: mambo ambayo mama na mlezi anapaswa kuyajua

Mama mmoja mjamzito alikuja kliniki mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Kila mara alilalamika kuumwa kichwa, mwili kuchoka na usingizi kukata. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia akapumzike, akarudi nyumbani.

Mara ya nne nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: "Mama, mchana unashinda wapi?"

Akajibu, "Nashinda kwenye mawe, sista. Jioni nachoma dhahabu ya baba watoto pale jikoni."

Nilimpima presha tena, ikasoma 150/100. Siku hiyohiyo tulimpa rufaa ya kwenda hospitali. Siwezi kusema kwamba kazi ndiyo iliyompa presha, kwa sababu mimba yenyewe inaweza kuileta. Lakini kumwambia mtu "kapumzike" bila kujua anafanya kazi gani ni sawa na kutokumwambia kitu. Kosa hilo lilikuwa langu, na ndiyo sababu naandika makala haya.

Huku kwetu Tarime na Serengeti, mama anafanya kazi nyingi. Yupo anayeponda mawe ya dhahabu, anayelima mahindi na muhogo, anayechuma kahawa kule milimani, anayepalilia pamba, anayeuza dagaa sokoni, anayefua mashuka kwenye hoteli za watalii, na anayefundisha darasa lenye watoto wengi kupita kiasi. Wote hao wakirudi nyumbani wanaanza kazi ya pili: maji, kuni, chakula, watoto na wagonjwa. Maumivu yanapokuja, wengi husema ni uzee, ni uchovu wa kawaida, au wamerogwa. Mara nyingi jibu liko kwenye kazi yenyewe.

Kazi inakuumiza kwa njia mbili

Njia ya kwanza inaonekana: kile unachobeba, unachovuta puani na unachogusa. Njia ya pili haionekani kwa macho: hofu, haraka, deni, matusi ya msimamizi, na kutojua kama leo utapata kitu. Njia zote mbili zinaishia kwenye mwili uleule. Tuzitazame moja moja.

Njia ya kwanza: vumbi, zebaki, mizigo na kiu

*Vumbi la mawe.* Jiwe la dhahabu linapopondwa au kusagwa kwenye karasha, hutoa vumbi laini sana. Lile unaloliona kwenye nywele na nguo ni sehemu tu. Lililo laini zaidi hulioni, nalo ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Likirundikana kwa miaka, mapafu hupata makovu na kuwa magumu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mtu mwenye mapafu hayo pia hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo mchimbaji anayekohoa wiki mbili au zaidi asiambiwe "ni vumbi tu". Apimwe. Kupima na kutibu kifua kikuu ni bure nchini kwetu.

*Zebaki.* Hii ni ile dawa ya rangi ya fedha inayokamata dhahabu kwenye karai. Unapoichoma ili dhahabu ibaki, zebaki haipotei. Inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, na mvuke huo unaingia kwenye mapafu, kisha kwenye damu, ubongo na figo. Kwa mama mjamzito, inavuka kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Dalili kwa mtu mzima ni pamoja na mikono kutetemeka, kusahausahau, hasira za ghafla, kukosa usingizi na kuumwa kichwa. Angalia vizuri orodha hiyo: nusu yake inafanana na msongo wa mawazo. Ndiyo maana ni rahisi kukosea.

Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki kwa gharama kubwa. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, waligunduliwa watu waliougua mishipa ya fahamu baada ya kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Baadhi ya akina mama ambao wenyewe hawakuonekana wagonjwa sana walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

*Mizigo na kuinama.* Kubeba kiroba cha mawe kichwani, kuinama shambani kutwa nzima au kusimama saa kumi kwenye meza ya samaki huumiza mgongo, magoti na shingo. Kwa mjamzito, mizigo mizito na kusimama muda mrefu huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati.

*Kiu na kukosa choo.* Hili akina mama hulisema kwa aibu. Penye machimbo au shambani mara nyingi hakuna choo, kwa hiyo mwanamke anaamua kutokunywa maji ili asihitaji kujisaidia. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na maambukizi ya njia ya mkojo. Maambukizi hayo kwa mjamzito yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya siku.

*Usiku bila usingizi.* Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, familia hulala mashambani kufukuza tembo wakati mazao yanapokomaa. Wapo pia walinzi, wauguzi na wafanyakazi wa migodini wanaoingia zamu za usiku. Kukosa usingizi siku moja kunachosha. Kukosa usingizi wiki baada ya wiki kunapandisha presha, kunapunguza kinga ya mwili na kuongeza ajali kazini.

Njia ya pili: msongo unaingiaje mwilini?

Fikiria unatembea njiani jioni, ghafla tembo anatokea kwenye majani. Moyo unapiga mbio. Jasho linatoka. Tumbo linakaza. Miguu inapata nguvu za kukimbia ambazo hukujua unazo. Mwili umetoa homoni za dharura, adrenalini na kotisoli. Homoni hizo zinapandisha presha na sukari ya damu ili misuli ipate nguvu haraka. Mambo ambayo si ya dharura, kama usagaji wa chakula, yanawekwa pembeni kwanza.

Tembo akiondoka, mwili unatulia. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa.

Sasa fikiria tembo asiyeondoka. Ni msimamizi anayekutukana kila siku. Ni deni la kikoba linalodaiwa Ijumaa. Ni mume aliye ndani ya duara, na kila ukisikia kelele unadhani shimo limeporomoka. Mwili haujui tofauti. Unaendelea kutoa homoni zilezile asubuhi, mchana na usiku. Baada ya miezi, utaona haya:

- kichwa kuuma na shingo kukaza;
- tumbo kuuma, kiungulia, kuharisha au kukosa choo;
- moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu;
- presha kupanda, na sukari kuwa ngumu kudhibitika kwa mwenye kisukari;
- hedhi kuvurugika;
- mafua na vidonda visivyopona upesi;
- kuchoka hata baada ya kulala.

Haya si maumivu ya kujifanya. Mtu akikuambia "ni mawazo tu", mjibu kwamba mawazo nayo yanakaa ndani ya mwili.

Saa za kazi nazo zina hesabu yake. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa ripoti iliyoonyesha kwamba watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kwa asilimia 35, wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo ni kubwa zaidi kwa asilimia 17. Saa 8 kwa siku, siku 7 bila kupumzika, ni saa 56. Na hapo hatujahesabu kuchota maji na kupika.

Si wingi wa kazi peke yake

Uingereza, kuanzia mwaka 1967, watafiti walifuatilia afya ya watumishi wa serikali mjini London kwa miaka mingi. Wengi wangedhani mabosi wenye majukumu makubwa ndio watakaoumwa moyo zaidi. Ikawa kinyume. Wale wa ngazi za chini walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wakubwa wao. Uvutaji wa sigara na mambo mengine ya afya yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Watafiti waliona kwamba kukosa uamuzi juu ya kazi yako mwenyewe nako kulihusika.

Hili linatuhusu sana. Mama anayeponda mawe hapangi bei, hapangi muda, na wakati mwingine hapangi hata matumizi ya hela aliyoipata. Kazi nzito yenye sauti na malipo ya haki inachosha mwili, lakini mtu analala. Kazi ambayo huna sauti ndani yake inakufuata mpaka kitandani.

Msongo unapogeuka ugonjwa wa akili

Msongo ukikaa muda mrefu unaweza kufungua mlango wa sonona au ugonjwa wa wasiwasi. Sonona si huzuni ya siku moja. Jiulize maswali haya kuhusu wiki mbili zilizopita:

- Je, siku nyingi nimekuwa na huzuni, au nimekosa hamu ya mambo niliyokuwa nayapenda?
- Je, nashindwa kulala, au nalala kupita kiasi?
- Je, nimepoteza hamu ya kula, au nakula bila kujizuia?
- Je, najiona sina thamani, au najilaumu kwa kila kitu?
- Je, nimewahi kufikiri ni heri nisingekuwepo?

Kama jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na mengine mawili au zaidi pia, nenda ukazungumze na mtoa huduma. Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, nenda leo, hata kama mengine yote ni hapana.

Huku kwetu watu husema "anawaza sana". Zimbabwe nao wana neno lao lenye maana hiyohiyo. Kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wanaowaza sana, kisha kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kusikilizwa vizuri ni tiba. Hata hivyo, sonona iliyokomaa inahitaji pia mtaalamu, na wakati mwingine dawa.

Watoto wanaipataje kazi yako?

Vumbi na zebaki vinarudi nyumbani kwenye nguo, viatu na nywele. Mtoto anayebebwa mgongoni kwenye karasha anavuta vumbi lilelile unalovuta wewe. Zebaki inayochomwa jikoni inabaki kwenye kuta, na kikaango kilichotumika hakisafishiki kwa sabuni.

Msongo nao unarudi nyumbani. Mama aliyetukanwa kutwa anaweza kumpiga mtoto kwa kosa la kumwaga maji. Baba aliyetoka shimoni mikono mitupu anaweza kuishia kwenye pombe. Sisemi haya ili mtu ajilaumu. Nasema ili ukijikuta umefoka, ujue hasira ile ilianza wapi, uvute pumzi, umwambie mtoto pole. Lakini kipigo nyumbani hakina kisingizio cha uchovu wa kazi. Ukipigwa, nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Unachoweza kufanya kuanzia wiki hii

Najua huwezi kuacha kazi kesho. Chagua mawili au matatu hapa, anza nayo.

1. *Lowesha mawe kabla ya kuponda.* Maji hupunguza vumbi sana. Kaa upande ambao upepo unatokea, ili vumbi liende mbali nawe. Kitambaa mdomoni kinazuia vumbi kubwa tu, si lile laini.
2. *Usichome zebaki nyumbani.* Ichomwe mbali na nyumba na watu, kwenye chombo kilichofungwa kinachokamata mvuke, kinachoitwa ritoti. Kitambaa hakizuii mvuke hata kidogo. Mjamzito, mama anayenyonyesha na watoto wasikae karibu kabisa.
3. *Usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu ya zebaki.* Achana na zebaki wewe, endelea kunyonyesha, na umweleze muuguzi.
4. *Badili nguo kabla ya kumshika mtoto.* Nawa mikono na uso. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.
5. *Kunywa maji.* Zungumzeni wanawake wote wa eneo hilo, mwombeni mwenye eneo awachimbie choo. Mmoja akiomba anaonekana msumbufu, ishirini wakiomba wanasikilizwa.
6. *Gawa mzigo.* Safari mbili za nusu kiroba ni afadhali kuliko safari moja ya kiroba kizima. Ukiinua, kunja magoti, usikunje mgongo.
7. *Linda usingizi.* Kama ni msimu wa kulinda shamba, pangeni zamu na majirani ili kila mtu apate usiku wa kulala.
8. *Tafuta mtu mmoja wa kumwambia.* Anaweza kuwa dada, shangazi, mwenzako wa kikoba au kiongozi wa dini anayetunza siri. Chagueni tatizo moja, si yote, na hatua moja ya wiki hiyo.
9. *Gawaneni kazi za nyumbani.* Mvulana wa miaka kumi anaweza kuchota maji. Baba anaweza kumpeleka mtoto kliniki, na tutampokea vizuri.

Kama umeajiriwa, sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema muda wa kawaida wa kazi usizidi saa 45 kwa wiki. Mama mwajiriwa anapata likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha ana haki ya kupewa muda wa kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Mjamzito hapaswi kupangiwa zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua.

Usalama mahali pa kazi unasimamiwa na OSHA. Ukiumia au ukipata ugonjwa unaotokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika na matibabu na fidia. Toa taarifa kwa mwajiri mapema, kwa maandishi, na utunze nakala. Kama mume wako ndiye mwajiriwa, jua jina la mwajiri wake na namba yake ya kazi. Siku ya ajali, wewe ndiye utakayeulizwa.

Wanaojitafutia kwenye mawe bila mwajiri hawana kinga hizi nyingi. Kwao, umoja wa kikundi na mazungumzo na mwenye eneo ndiyo mwanzo.

Usisubiri: nenda kituo cha afya leo ukiona haya

- Maumivu ya kifua au pumzi kubana ghafla.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kushindwa kutoka.
- Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, kutokwa damu, au mtoto kuacha kucheza.
- Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda, au makohozi yenye damu.
- Mikono kutetemeka kwa mtu anayetumia zebaki.
- Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hapo usiachwe peke yako. Mwambie mtu aliye karibu, aende nawe.

Ukihitaji ushauri wa afya kwa simu, piga 199 bila malipo. Kwa jambo linalomhusu mtoto anayeteswa au kutumikishwa, piga 116, nayo ni bure.

Neno moja la kukumbuka

Yule mama wa presha alilazwa, akatibiwa, akajifungua salama. Kuchoma dhahabu jikoni kuliisha, kwa sababu tulimwita baba watoto naye akaja, akaelezwa, akaelewa. Yote yalianza na swali moja.

Basi nakuomba: siku utakayokuja kliniki, hata kama sisi tumesahau kuuliza, tuambie wewe. Sema, "Sista, mimi nashinda kwenye mawe," au "Nalala shambani kulinda tembo," au "Kazini kwangu sina amani." Usione ni maneno ya pembeni. Kwetu sisi hayo ni sehemu ya vipimo.